Mwaka wa Kaseti Moja

Kila Saint-Sylvestre, siku ya mwisho wa mwaka, yaya alikuwa anagonga kikombe kwa kijiko na kutuuliza maswali mawili: kinywaji chako cha mwaka ni kipi, na wimbo wako wa mwaka ni upi. Yaya ni kaka yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa mama. Mchezo huo aliuanzisha mwaka ule baba alipokufa kwa ugonjwa, kwa sababu tulikaa mezani na hakuna aliyejua aseme nini. Sheria yake ilikuwa moja: jibu la mwaka jana halirudi. Ukilirudia, unaosha vyombo vyote vya sikukuu.

Mama alijibu "chai" kila mwaka.

"Mama, umehukumiwa," yaya alikuwa anamwambia.

"Kwani nani mwingine angeosha? Weye?"

Mimi nilikuwa naogopa zamu yangu. Nina aibu, hata mbele ya watu wa nyumbani masikio yangu yanapata moto. Kwa hiyo majibu nilikuwa nayaandika kwenye kaye, daftari langu la shule, wiki nzima kabla, halafu siku ya sikukuu nayasoma bila kuinua macho. Yaya alisema ninasoma kama karani wa komine anayetangaza kodi. Kaye yenyewe ndiyo hii. Leo ni tarehe mbili ya mwezi wa kwanza, na majibu niliyokuwa nimeyaandika safari hii nimeyakata kwa mistari, maana hayafai tena.

Nianze na vinywaji.

Mwanzoni mwa mwaka uliokwisha bado tulikuwa na maziwa. Mjomba alikuwa na ng'ombe nje ya mji, na kila Jumamosi tulipata kidumu kimoja. Mama alitwanga tangawizi, akaitia kwenye maji na majani ya chai, akamimina maziwa, akaiacha ipande na kushuka mara tatu kwenye sufuria. Mwezi wa pili ng'ombe walichukuliwa wote na watu wenye bunduki, na mjomba akaja kwetu mjini, mtaa wa Ngezi, na fimbo yake tu. Alikaa siku mbili akiishika, halafu akaenda kwa watoto wake. Tangu siku hiyo tunakunywa chai bila maziwa. Mdogo wangu, ambaye ana miaka nane, aliiita chai ya wajane, na mama hakumgombeza.

Mwezi wa tano risasi zilipoingia mpaka kwenye barabara yetu, tulikimbia kwa miguu kwenda upande wa Irumu. Kule tulikunywa maji ya mto. Yalikuwa mekundu kama chai. Mdogo wangu alichota kwa mikono akasema, "Iko chai ya bule, haina tu sukari." Watu wazima waliokuwa pale walicheka, na mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alicheka sana mpaka akakaa chini na kulia. Maji yale yalituumiza matumbo sisi wote. Irumu yenyewe kulikuwa na familia iliyotupa uji wa mahindi, ule tunaouita bui, bila sukari, bila chumvi, kikombe kimoja kwa watu watatu. Kama ningejibu kwa ukweli, kinywaji cha mwaka kingekuwa kile. Nilikuwa nimekiandika hivyo.

Muziki sasa.

Muziki wetu wa mwaka mzima ulikuwa kaseti moja, na jambo lote ninalotaka kuandika liko ndani yake.

Yaya alikuwa Bambu. Alikwenda kuchimba dhahabu mwaka uliotangulia, kwa sababu mimi nilikuwa ninaingia katika ya tatu sekondari na mdogo wangu anaanza shule, na mama peke yake hakuweza. Watu wa machimbo hawaandiki barua sana. Wanatuma kaseti. Mtu anachukua kaseti ya muziki ya dukani, iliyochoka, anaziba kwa karatasi tundu la juu la upande wake, maana kila upande una lake, ili redio ikubali kurekodi, halafu anasema salamu zake juu ya wimbo. Upande wa kwanza ni wake yeye aliyetuma. Upande wa pili ni wa kujibu: nyumbani wanaziba tundu la pili na kurekodi habari zao pale, kaseti inarudi na mtu yule yule aliyeileta. Hivyo ndivyo watu wa kwetu walivyofanya, kaseti moja inaweza kwenda na kurudi mpaka utepe unaanza kulia.

Ya yaya ilifika mwezi wa tatu. Aliyeileta ni mzee mmoja Muislamu anayenunua dhahabu Bambu na kupeleka kule chumvi na sabuni. Tulimuita Papa wa Kofia. Aliitoa ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya soksi, ndani ya boksi la sabuni.

"Mama, mwanao iko muzima," alimwambia mama. "Anakula vizuri kuliko mimi. Nitapita tena mwezi kesho kuchukua jibu."

Tulikuwa na redio ya kaseti, lakini mabuye yake, yaani betri, yalikuwa yamechoka. Mama aliyaanika juani asubuhi yote kama karanga, akiyageuza. Saa sita tukaweka kaseti. Kwanza sauti ya yaya: "Mama, jambo. Niko muzima. Mutoto mudogo, jambo. Na weye mwenye haya, jambo. Musikilize kwanza muziki." Halafu ukaingia wimbo wa Kilingala, magitaa mengi. Katikati ya wimbo wa pili sauti ikaanza kuwa nzito, ikavuta, ikafa.

Mama aliamua tutasikiliza salamu tu, mara moja kila Jumapili, ili mabuye yasiishe. Kila Jumapili tuliketi, tukasikia "Mama, jambo" mpaka "muziki", wimbo ukianza tu mama anazima. Mdogo wangu alikuwa anaendeleza magitaa kwa mdomo.

Sasa kuhusu mimi. Niko kwenye kwaya ya parokia, mstari wa pili, nyuma ya msichana mrefu. Nachezesha midomo. Mwalimu wa kwaya ananiita Samaki. "Samaki, leo umeimba vizuri," anasema, na wote wanacheka, na mimi pia nacheka ili iishe haraka. Lakini nyumbani, nikiwa peke yangu jikoni, ninaimba. Yaya ndiye peke yake aliyekuwa anajua. Siku alipoondoka kwenda Bambu aliniambia, "Siku moja uniimbie kwa kaseti. Kule hakuna mutu anakujua."

Basi kaseti ilikuwa inangojea jibu. Niliiangalia: matundu yote mawili yalikuwa yamezibwa kwa karatasi. La kwanza nilielewa, alilihitaji kwa salamu zake. La pili nikasema moyoni, ametuandalia. Amejua hatuna vitu vingi, ametuzibia mwenyewe.

Mama alitaka tujibu sote pamoja Papa wa Kofia akikaribia kurudi. Mimi sikuweza kuimba mbele ya mama. Siku moja alipokwenda sokoni na mdogo wangu, nilichukua mabuye ya tochi yake, nikayatia kwenye redio, nikaingia jikoni, nikafunga mlango. Niligeuza kaseti. Nilibonyeza vile vidude viwili vya kurekodi pamoja. Niliimba nyimbo nne za kwaya, mdomo karibu na redio, na moshi ukiniingia puani. Sikuwahi kuimba vile. Nilipomaliza nilifurahi, niseme ukweli. Sikurudisha kusikiliza, kwa kuogopa mabuye ya mama. Nilimwambia mama upande wa pili nimeanza kumjibu yaya, yeye atasema yake mwishoni. Akasema sawa.

Papa wa Kofia hakurudi. Barabara ilifungwa. Mwezi wa tano tukakimbia, na mimi nilibeba kaseti kiunoni, ndani ya kitambaa nilichojifunga. Tuliporudi mwezi wa tisa, nyumba ilikuwa imebaki kuta na milango miwili tu. Redio haikuwepo. Tochi haikuwepo. Kwa miezi mingine mitatu kaseti ilikaa kwenye kopo la majani ya chai, na ikawa kitu cha kushika tu. Jumapili mama aliitoa, akaifuta kwa kitenge, akairudisha. Habari za Bambu tulizosikia zilikuwa mbaya, na za yaya hatukusikia hata moja.

Siku nne kabla ya Saint-Sylvestre, mimi na mama tulimkuta Papa wa Kofia sokoni. Alikuwa amekonda, kofia ni ile ile. Alikuwa anauza sabuni vipande vipande juu ya gunia. Alipomuona mama alisimama.

"Salamu alaykum, mama. Nasikia muliteseka."

"Tuko, Papa. Mwanangu iko wapi?"

"Mimi sijui. Yeye alitoka Bambu mbele yangu, na wenzake wawili. Mimi nilitoka kisha, kwa pori." Alimwangalia mama. "Lakini weye ndiye unajua."

"Miye nitajua namna gani?"

"Si alikuelezea yote? Ile siku alinipa kaseti, alikaa kwa redio yangu mchana muzima, akasema, akasema. Miye nilitoka inje nimuache, juu maneno ya mama na mutoto haiko yangu. Nikamuuliza kisha, kama vita ikifika huku utapita wapi? Akasema, nyumbani wanajua, nimewaambia barabara na mutu nitalala kwake. Iko kule nyuma, upande wa pili."

Mama alinishika mkono. "Kumbe iko maneno nyuma," alisema. "Miezi yote hii, kumbe iko maneno."

Nilikuwa naangalia vipande vya sabuni. Karatasi ya tundu la pili, yaya aliiweka ili aseme yeye. Alisahau kuitoa ili maneno yake yasifutwe, au hakujua kama inatolewa.

Tulirudi nyumbani mama akitembea mbele, haraka, kama mtu aliyeitwa. Njiani aliniambia, "Weye ulisema ulianza kumjibu. Ulianzia wapi?" Nikamwambia sikumbuki vizuri, labda kule mwishoni. Huo ulikuwa uongo. Nilianzia mwanzo kabisa.

Kwa siku nne nilipiga hesabu moja tu. Upande mmoja wa kaseti ni nusu saa. Nyimbo zangu ni nne. Kama yaya alisema kwa dakika nyingi, atakuwa amenipita. Nilijiimbia zile nyimbo kimya, nikizihesabu kwa vidole, nikajaribu kuziharakisha, kana kwamba nikiziimba haraka leo zitakuwa fupi kule. Mama naye alikwenda kwa jirani, mama mmoja mnene anayeuza makaa, akaazima redio yake. Jirani alisema, "Nitakuazima, lakini mabuye ni ya kwako." Mama alipata mawili yaliyotupwa karibu na kambi ya wanajeshi wa kigeni, na mengine mawili sijui wapi. Aliyaanika juani siku tatu. Mara tatu nilikwenda kumwambia. Mara ya kwanza nilisema "Mama," akasema "Nini?" nikasema chai inachemka. Mara mbili zilizobaki sikufika hata hapo.

Tangu vita sikukuu zote zinafanywa mchana. Saa nane tuliketi mezani, mama, mdogo wangu na mimi. Mama alikuwa amepika chai na tangawizi, bila maziwa, na sukari kidogo. Kulikuwa na chupa moja ya sukre, yaani soda, ya machungwa, ya moto kwa jua, kwa ajili ya mdogo wangu. Vikombe vilikuwa vinne. Cha buluu, cha bati, kilichomenyeka ukingoni, ni cha yaya. Mama alikimiminia chai kwanza.

Halafu akaweka kaseti, upande wa pili, mwenyewe. Akabonyeza.

Ilikuwa sauti yangu. Mabuye hayakuwa na nguvu, kwa hiyo ilitoka pole pole, nzito, kama mtu anayeimba akipanda mlima na mzigo.

Mdogo wangu alicheka. "Huyu muzee ni nani?"

Mama alisikiliza mstari mzima, kichwa chini. Kisha akaniangalia. "Ni weye."

"Ndiyo, mama."

"Uliimba juu yake."

"Nilifikiri iko bule, haina maneno. Nilifikiri ametuzibia tujibu."

Hakuzima. Sikujua kwamba nyimbo nne zinaweza kuwa ndefu hivyo. Wimbo wa pili ukaisha, wa tatu ukaanza, na mimi nikasikia jinsi nilivyokuwa nafurahi siku ile jikoni. Mdogo wangu aliacha kunywa sukre yake. Wimbo wa nne nilikuwa nimeuimba mpaka mwisho, na kiitikio mara mbili, kwa sababu nilikipenda. Kisha, tak.

Na yaya akaingia katikati ya neno, na nyuma yake sauti za kuku:

"…pana ile ya zamani, mama, ile iko na watu wabaya. Tutapita ile nimekuambia. Basi. Chai munywe yote, musiniwekee, itapoa bule. Nimemaliza. Papa, hii kitu wanazimaka namna gani?"

Na sauti ya Papa wa Kofia, mbali, mlangoni: "Bonyeza ile kubwa."

Tak. Baada ya hapo magitaa.

"Rudisha," mama alisema.

Nilirudisha. Tulisikia tena. "Rudisha." Nilirudisha. Mara ya tatu yaya alikuwa anasema pole pole kama mtu wa usingizi, na alipofika "nimekuambia" redio ilikufa. Mama aliipiga kwa kiganja, mara moja, bila hasira. Akatoa mabuye, akayashika mkononi ayapashe.

Kisha mdogo wangu akachukua kijiko akagonga kikombe chake. "Kinywaji cha mwaka," alisema, kwa sauti ya yaya. Alijijibu mwenyewe: "Sukre. Wimbo wa mwaka, ule wa muzee." Alinielekeza kijiko. "Weye?"

Nilikuwa na kaye magotini, na majibu yameandikwa. Bui ya Irumu. Magitaa ya wimbo wa kwanza. Sikuyasoma. Nilisema sina.

"Mama?"

"Chai," mama alisema.

"Umerudia. Unaosha vyombo."

"Nitaosha."

"Na wimbo?"

Mama aliniangalia muda mrefu, si kwa ubaya. "Sikujua uko na sauti vile," alisema. Afadhali angenipiga.

Alisimama akakusanya vikombe, akaosha vitatu. Cha buluu alikiacha mezani, kimejaa. Jana hakuna aliyekigusa. Leo asubuhi kulikuwa na mdudu ndani yake, nikamtoa kwa kijiko, nikakirudisha pale pale.

Jana jirani alikuja kuchukua redio yake, mama akamuomba aiache siku moja tena. Mabuye yako juani, kwenye bati, na mama anayageuza. Nilikuwa nimekaa mlangoni na kaye hii aliponiuliza, bila kugeuka:

"Ulipokuwa unaimba, hukumusikia chini chini?"

"Hapana, mama. Inafutaka kimya. Haisikikagi."

"Hata jina la barabara? Hata nusu?"

"Hata nusu."

Akageuza buye moja, akalipuliza vumbi. Kisha akaanza kuzitaja barabara. Ile ya Mahagi. Ile ya Komanda. Ile ya kushuka ziwani. Ile njia ya porini wanayopita wachimbaji, ambayo haina jina. Kila moja aliisema na kunyamaza kidogo, kama mwalimu anayesoma majina ya wanafunzi asubuhi na kungoja mtu aitike.

"Ile ya zamani ni ipi, weye unafikiri?" aliniuliza. "Kwake yeye, ya zamani ni ipi?"

Nilimwambia sijui. Amezianza tena, kutoka ile ya Mahagi.